Jirani Niliyemtunga Mwezi wa Mfungo

Sisi kwetu ni watu wa kujiona, na sioni haya kulisema. Mama akianika kanga zake uani, mpita njia hujua hiyo ni kamba ya nyumba gani, maana zimepangwa kwa rangi na hakuna pindo lililokunjamana. Mimi nimeurithi ugonjwa huo na nikaufanya kazi. Mwaka wa kumi na nane huu nasimamia dobi ya hoteli moja Diani, na shuka ikipita mikononi mwangu na doa, itarudi majini hata kama aliyeifua ni mpwa wa meneja. Na ndugu yangu wa kiume, kitinda mimba wetu, ni mkwezi wa minazi asiye na mfano kutoka Ukunda mpaka Msambweni. Mahoteli humwita kukata makuti makavu na kuangua nazi kabla hazijamwangukia mgeni kichwani. Hupanda na kitanzi cha kamba miguuni na panga kiunoni, na wageni huacha vinywaji vyao wakamtazama.

Ndugu yangu huyu alikuwa mlevi. Neno lenyewe ni fupi, lakini imenichukua miaka kuliandika. Nyumbani hatukulitumia. Tulisema amechoka, tulisema ana homa, na akipotea siku mbili tatu tulisema amepata kazi Mackinnon Road. Sasa Mackinnon Road ni malori na vumbi na reli, mnazi huko huuoni, na hakuna jirani hata mmoja aliyetuuliza mkwezi amekwenda kukwea nini. Ndiyo heshima ya mtaa wetu. Nao walikuwa na Mackinnon Road zao, nasi hatukuwauliza.

Kufunika huku kwetu kunaitwa sitara. Aibu ya mmoja ni ya nyumba nzima, kwa hivyo huifunika ya kwako na huipitia mbali ya mwenzio. Nimelelewa katika sitara na bado naipenda. Mtu anayemwaga ya nyumbani kwake barazani simwamini mpaka leo. Lakini ninachosimulia hapa ni siku ambayo sitara hiyo ilikaribia kumzika ndugu yangu, na aliyeshika jembe nilikuwa mimi.

Lazima mjue kwanza habari ya Ramadhani yake. Mwaka mzima alikunywa mnazi, tembo la minazi ile ile aliyoikwea, lakini mwezi mtukufu ukiandama aliacha, tena aliacha siku ile ile, bila kupunguza wala kumwomba mtu msaada. Wanywaji wengi wa kwetu ndivyo walivyo. Siku ya vunja jungu, wakati wengine wanakula karamu yao ya mwisho ya mchana, wao hunywa kana kwamba mgema anahama nchi, na kesho yake utawaona msikitini wamevaa kanzu zilizopigwa pasi. Kwa mama ule ndio ulikuwa mwezi wa kuishi. Alimpikia ndugu yangu futari ya bwana harusi, mbaazi za nazi na mahamri na kaimati, na akitoka alitembea katikati ya njia. Nami kazini nilitafuta kila sababu ya kumtaja. Kisha Idd ikaja, na Idd pili alikuwa ameshapata kazi Mackinnon Road.

Mwaka ninaousimulia, na si wa zamani, mambo yalikuwa yamezidi. Mnazi ulikuwa haumtoshi tena. Alikunywa asubuhi kabla ya kupiga mswaki, na juu yake akaongeza pombe kali ya vichupa inayouzwa Ukunda. Siku moja nilimwona kutoka dirisha la dobi. Alisimama chini ya mnazi, akaweka mikono miwili kwenye shina, akakaa hivyo muda mrefu, kisha akafungua kamba miguuni na kuondoka. Sikumwuliza. Nilirudi kwenye shuka zangu na nikamgombeza msichana mmoja kwa kosa ambalo hakulifanya.

Katika dobi yetu kuna mama mmoja wa bara, Mkristo, anayekaa kwenye mashamba ya makazi kule Shimba Hills. Mimi na yeye tunataniana sana kuhusu Kiswahili chake. Baada ya siku ile alinijia akanitia kikaratasi mkononi, kile tunachobandika kwenye nguo za wageni, kimeandikwa nambari ya simu. Alisema ni ya watu wanaosaidia mambo ya pombe na dawa za kulevya, kupiga ni bure, na mume wake aliwahi kupitia hapo. Sikuwa nimemwambia neno. Nilimshukuru kwa ubaridi, nikakitia kikaratasi kwenye pochi, na kwa wiki nzima nikamnyima utani wangu.

Mwezi ukaandama. Ndugu yangu akaacha, kama ada yake. Siku ya kwanza ya mfungo alitokwa na jasho mpaka godoro likalowa, nasi tukasema ni joto. Siku ya pili mikono ilimtetemeka hivi kwamba uji wa futari ulimwagika mapajani, nasi tukasema ni njaa ya mchana kutwa. Macho hakuyafumba hata kidogo. Siku ya tatu asubuhi nilimkuta ameketi pembeni mwa kitanda akijipangusa mikono na shingo, akaniambia kwa sauti ya kawaida kabisa kwamba siafu wameingia, niwaambie waliofagia wafagie vizuri. Mama alikuwa ameshamtengenezea kombe, aya zilizoandikwa kwa zafarani kwenye sahani na kuoshwa kwa maji, anywe magharibi. Nilimwuliza mama kama hadhani kuna kitu kimemwingia mwanawe. Mama alinitazama kama mtu asiyepita chuo cha Kurani. Mwezi huu, alisema, mashetani wamefungwa minyororo. Basi hakuwa shetani. Ilikuwa pombe inamtoka, na itoke.

Nami niliona hivyo hivyo, na nitasema kweli, nilifurahi. Nilihesabu ule mtetemeko kuwa ushindi. Siku tatu. Nikajiambia mwaka huu hatakwenda Mackinnon Road Idd ikiisha, na kwa kuwa ilikuwa siku yangu ya ofu, nikatoa kile kikaratasi. Sikupiga simu kwa sababu ndugu yangu anaumwa. Nilipiga kuuliza namna ya kumshika asirudie baada ya sikukuu. Hilo lazima mlielewe, maana ndilo linaloonyesha jinsi nilivyokuwa mjinga.

Nilijitayarisha. Nilivaa buibui safi na kufunga mtandio, kana kwamba wa upande wa pili angeniona. Niliamini wangeniuliza jina, nambari ya kitambulisho, jina la chifu wetu, na kwamba jioni kungekuja gari la polisi. Kwa hivyo nilikuwa nimeshaamua cha kusema. Nilikaa kwenye kigoda mlangoni mwa chumba changu, ambapo ningeweza kumwona ndugu yangu ng'ambo ya ukumbi, nikabonyeza nambari.

Kwanza ilisema sauti ya mashine, ikanitaka nichague lugha. Kisha ukaja muziki wa kungoja, na mara mbili kidole kilikwenda kwenye kitufe chekundu. Kisha akaja mwanamke. Alisema yeye ni mshauri, kwamba si lazima nitaje jina langu wala la mtu yeyote, na kwamba nitakayosema yatabaki kati yetu, ila akiona kuna uhai hatarini ataniambia waziwazi na tutatafuta msaada pamoja. Mimi nilikuwa bado sijasalimia. Siwezi kuanza jambo bila salamu, hata nyumba ikiwaka. Nikamwuliza hujambo, nikamwuliza habari za asubuhi, za kazi, za nyumbani kwao, za wazazi wake. Nilingoja anikate. Akajibu moja moja, na akaniuliza za saumu. Sauti ilikuwa ya msichana wa bara. Alipouliza "huyo mtu ako na miaka mingapi", nilitamani kumrekebisha, kisha nikakumbuka nimekuja kuomba.

Nikamtungia jirani. Nilisema kuna kijana wa nyumba ya tatu kutoka kwetu, mama yake mjane, watu wazuri sana. Nikampa hata mbuzi wawili, sijui kwa nini. Nikasema kijana huyo hunywa mnazi kidogo, jioni jioni, na sasa alhamdulillahi ameacha kwa ajili ya mfungo, leo ni siku ya tatu, na mimi kama jirani mwema nataka kujua tumsaidieje asirudi. Kisha nikanyamaza kungoja sifa zetu.

Hakusifu. Aliuliza kama alikunywa kila siku. Nikasema si kila siku. Aliuliza kama aliwahi kunywa asubuhi. Nikasema la, hasha. Aliuliza kama alikuwa akitetemeka kabla ya kupata kinywaji cha kwanza, nikasema mambo hayo hatuyajui sisi, tuko mbali. Kila jibu lilikuwa uongo na kila uongo ulinitoka laini, maana nimeuzoea tangu utoto. Akasema, kama ni mnywaji wa kidogo tu, kuacha mara moja kwa kawaida si hatari, anywe maji ya kutosha baada ya kufuturu, apumzike, na kuna vikundi anavyoweza kujiunga. Ningeweza kushukuru na kukata hapo. Mara nyingi nafikiria kwamba ningeweza kukata hapo.

Lakini aliuliza swali jingine. Aliuliza sasa hivi huyo kijana ako aje. Nami, kwa kuwa nilikuwa namtazama, nikajibu nilichokiona: kwamba yuko mzima, ila anajipangusa siafu.

"Siafu wako hapo kweli?" akauliza.

Nikautazama ukuta wetu. Tuliupaka rangi ya maziwa kabla ya mfungo. Haukuwa na hata sisimizi.

"Hawapo," nikasema.

Akasema polepole, bila ukali wowote, "Mama, jirani wa nyumba ya tatu, unamwonaje kutoka hapo ulipo?"

Nikaukaza mtandio wangu, kana kwamba ameniona kweli.

"Huyo ni nani wako, mama?"

"Ndugu yangu," nikasema. "Tumbo moja."

Hilo ndilo jambo gumu kuliko yote niliyowahi kuyatamka, na nilimtamkia mtu nisiyejua hata sura yake. Baada ya hapo mengine yalifumuka kama mshono mbovu. Nilimwambia mnazi wa asubuhi, vichupa, mikono kwenye shina la mnazi, jasho, uji uliomwagika, usingizi uliokataa. Nilimwambia miaka. Alinisikiliza bila kusema pole nyingi, na bila kunikaripia kwa uongo nilioanza nao. Nilingoja aniambie, mbona hukusema mapema? Hakusema. Sauti yake tu ndiyo iliyobadilika, ikawa ya haraka na iliyonyooka.

Aliniambia kwamba mwili uliozoea pombe kila siku kwa miaka, ukinyimwa ghafla, waweza kuasi. Mtetemeko, jasho, kuona visivyokuwapo, hizo si dalili za kupona. Kinachoweza kufuata ni kifafa, na watu hufa. Si njaa, alisema, na wala si udhaifu wake. Anahitaji hospitali, tena sasa, asingoje magharibi. Huko kuna dawa za kuushusha mwili taratibu. Akauliza kama ameshawahi kushikwa na kifafa, kama ana homa, kama kuna kitu chenye makali karibu naye. Panga lake la kazi lilikuwa limening'inia nyuma ya mlango wa chumba kile kile. Akanituma nikalitoe bila kukimbia, nisimfungie mlango, nisibishane naye kuhusu siafu. Akaniuliza kama nataka abaki kwenye simu. Nikasema abaki. Nikamtia mfukoni mwa buibui akiwa bado hewani, nikaenda.

Hapa ndipo nilipomkasirikia, na nakiri. Kwa siku tatu nilikuwa natembea kichwa juu kwa ajili ya ndugu yangu, na msichana wa bara kwa dakika chache alikuwa ameichukua furaha yangu na kuniambia ni ugonjwa. Lakini mficha maradhi kifo humuumbua, na mimi nilikuwa nimeyaficha mpaka kwa tabibu.

Ndugu yangu alikataa. Aliposikia hospitali na dawa alielewa kila kitu, siafu wote wakaondoka machoni mwake kwa muda, akanishika mkono kwa mikono yake inayotikisika.

"Dada, nimefunga," alisema. "Mwaka mzima mimi nina mwezi huu mmoja tu. Usininyang'anye."

Na mama akasimama upande wake. Aliuliza kama nimepata wazimu, kumfunguza mtoto saumu mchana, mtoto ambaye Mungu mwenyewe amemshika mkono. Nilijibu kwa sauti kubwa, yeye akajibu kwa kubwa zaidi, na katikati ya yote hayo nikasikia sauti inaniita kutoka mfukoni. Yule msichana alikuwa amesikia. Alisema yeye si Mwislamu na hawezi kumfundisha mtu dini yake, lakini kwa nyumba hiyo au karibu, hakuna mtu wa dini anayemheshimu? Maneno hayo yalinipoza. Mimi niliyekuwa nikimcheka Kiswahili chake, hata sikuwa nimefikiri hilo.

Tulikuwa naye. Mwalimu aliyemfundisha ndugu yangu alifu na bee anakaa nyuma ya nyumba yetu. Alikuja na fulana na kikoi, bila kofia, kwa sababu nilimwambia ni haraka. Hakuhutubu. Aliketi chini karibu na kitanda, akamjulia hali, akaichukua mikono yake na kuitazama mmoja mmoja. Kisha akaomba maji. Mama hakuinuka, nikayaleta mimi.

"Aliyekufaradhishia saumu ndiye aliyempa mgonjwa ruhusa," alimwambia. "Ukiikataa ruhusa yake unamfungia nani? Kunywa, mwanangu. Siku zako utazilipa."

Ndugu yangu alilia. Mikono haikuweza kushika kikombe, mwalimu akamshikia kama anavyoshikiwa mtoto, naye akanywa maji mchana wa Ramadhani huku machozi yanadondokea ndani. Mama aligeuka akatazama ukuta. Nilidhani hatatusamehe kamwe.

Mwalimu akaita gari la mwanawe. Tulipokuwa tunatoka, mimi na mwalimu tukimshika ndugu yangu kwapani, mama akatokea nyuma yetu amevaa buibui na viatu vya kutokea. Mwanamke wa nyumba inayotazamana na yetu alikuwa barazani akichambua mchele. Aliinua kichwa, akauliza kwa adabu ya siku zote kama ni salama, tunasafiri? Nilifungua mdomo, na Mungu ndiye anayejua ningesema nini, lakini mama alinitangulia.

"Hospitali," alisema. "Mwanangu anaumwa na pombe."

Alisema bila kushusha sauti, kisha akaingia garini na kuketi mbele. Yule jirani aliweka ungo chini, akaja mpaka dirishani, akamshika mama bega. Nimemwona mama akisifiwa harusini na akipongezwa arudipo kuhiji, lakini sijawahi kumwonea fahari kama niliyomwonea pale.

Tulifika hospitali ya Msambweni, tukapokewa, na ndugu yangu alikuwa bado hajamaliza kulala kitandani vizuri aliposhikwa na kifafa. Mwili wote ulikakamaa. Wauguzi walikuwa karibu, walijua la kufanya, na walikuwa na dawa. Nilisimama ukutani nikihesabu pumzi zake. Daktari aliniuliza baadaye nani aliyetushauri tumlete, nikamwambia nilipiga simu. Akasema ni vizuri nilipiga mchana, sikungoja jioni. Alisema hivyo tu na kwenda kwa mgonjwa mwingine.

Yule msichana wa simu, siku ile kabla ya kukata, aliniomba ruhusa ya kunipigia tena, nami nikampa. Alipiga siku tatu baadaye, nikiwa dobi katikati ya taulo za bwawa la kuogelea. Aliuliza hali ya ndugu yangu, akanieleza mahali pa kumpeleka akitoka, kikundi kinachokutana kila wiki, na kwamba kuteleza kukitokea si mwisho wa safari. Kisha akauliza, na wewe mama, unalala? Katika miaka yote hiyo hakuna aliyeniuliza. Nikakaa kitako juu ya rundo la taulo nikalia mpaka yule mama wa Shimba Hills akaja kufunga mlango. Siku ile nilimrudishia utani wangu wote na wa akiba.

Kwa hivyo wewe unayesoma, kama una kikaratasi chako kwenye pochi, sikiliza maneno ya mtu mkaidi. Hawatakuuliza kitambulisho. Gari la polisi halikuja kwetu. Salimia upendavyo, watakungoja. Jina la jirani yako waweza kuwapa, wanalijua sana, wanalisikia kila siku. Lakini kuhusu kiasi na siku, kuhusu mara ya mwisho alipokunywa na anavyoonekana sasa, usiwadanganye, maana wao hawana macho ila ya kwako. Sitara ni nguo ya kuvaa mbele za watu. Mbele ya mganga huvuliwa.

Ndugu yangu alitoka hospitalini, na daktari akamkataza kufunga siku zilizobaki. Alikaa nyumbani akala mchana chumbani mwake, mlango umerudishwa, na sijui kilichomuuma zaidi, maradhi au wali ule. Idd ikapita. Idd pili mama alikaa ukumbini tangu asubuhi akijifanya anashona. Ndugu yangu alivaa shati, akasema anakwenda Ukunda kwenye kikundi chake, na saa sita akarudi na ndizi. Wiki ya saba aliteleza. Sitalificha hilo. Alirudi ananuka, akaketi uani, na kabla hatujasema neno akaomba simu yangu, akapiga ile nambari mwenyewe. Nilimsikia akisema, "Ni mimi mwenyewe ninayekunywa." Hakutunga mtu.

Alipokuwa amemaliza miezi mitatu bila tone, daktari akamruhusu kufunga, naye akaanza kulipa zile siku. Sasa kulipa siku si kama kufunga Ramadhani. Ramadhani mji mzima umekushika. Hoteli za chakula zimefungwa, hata mgema anaona haya. Ukilipa unafunga peke yako, na Ukunda yote inakula na kunywa mbele ya pua yako. Alifunga hivyo, akipanda minazi juani, akishuka na koo kavu, akipita penye vilabu vya mnazi vikiwa vimejaa wenzake wanaomwita kwa jina. Mimi nilikuwa na siku zangu za kike za kulipa, nikafunga naye hizo. Zikaisha zangu, akaendelea. Nilirudi kazini kila siku nikitamani mtu aniulize habari za ndugu yangu, na asiponiuliza nilimweleza.

Siku yake ya mwisho nilipika mwenyewe. Kulikuwa na uji wa pilipili manga, mihogo ya nazi na samaki wa kupaka, na sahani ya tende katikati ya mkeka. Adhana ya magharibi ikaanza. Ndugu yangu akapiga bismillahi na kunyoosha mkono kwenye sahani, mkono uliotulia kabisa, nami nikauangalia mpaka ukafika mdomoni. Ndipo nikaona mkono mwingine umenyooshwa pia. Ulikuwa wa mama. Mchana alikuwa amesema hana hamu ya kula, nami kwa shughuli zangu sikumjali.

Nikamwuliza yeye ana siku gani za kulipa, mwanamke wa miaka yake, ambaye Ramadhani hakuacha hata moja.

"Sina," mama akasema. "Nipe tende."